Mimi na Kasigau Tunafahamiana

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka nikiwa kiongozi wa safari za nyikani. Jumapili asubuhi nilikuwa mtu asiye na kazi. Mambo hubadilika.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Kache, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Miritini, ana kikundi cha walimu wastaafu wenzake, watu thelathini. Wamechoka kukaa nyumbani kulea wajukuu. Wanataka kutembea, lakini si kwenda hotelini kutazama bahari waliyoiona tangu wazaliwe. Wanataka nyika, baiskeli, wanyama na mlima wa kupanda. Basi baada ya ibada, hapa Mikindani, akauliza mbele za watu kama kuna anayeujua Mlima Kasigau, kule Taita. Dancun, muumini mwenzetu, akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema mimi na Kasigau tunafahamiana.

Kasigau nimeuona kwenye simu tu. Tena bando liliisha kabla picha haijafunguka nusu ya chini.

Mwalimu alifurahi sana. Tukapatana. Mwisho wa wiki hii nampeleka yeye kwanza, kwa majaribio. Akiridhika, mwezi wa Agosti wote thelathini ni wangu, na wenzao wa Likoni na Kisauni watafuata. Dancun akajialika. Hakuna aliyemwita. Alisema tu kwamba naye atakuja, kwa usalama wa Mwalimu. Nikamkubalia kwa heshima yangu.

Hili si jambo la mzaha. Tangu kazi yangu ya ukarani kwenye yadi ya makontena iishe, nimejaribu sungura, wakatafuna waya wakahama. Nikajaribu uyoga, ukaota kila mahali isipokuwa nilipoupanda. Nikakodisha hema la matanga, likapeperushwa na upepo mchungaji akiwa katikati ya maombi. Agneta, mke wangu, anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni na ndiye anayetulisha. Amesema hii ndiyo ya mwisho. Mwalimu asiponipa kazi ya Agosti, Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu naripoti Changamwe kwa shemeji Elkana, kaka yake, niwe bawabu wa ghala lake.

Elkana ameshanitafutia sare. Amenionyesha na filimbi. Akanipigia kidogo niisikie.

Alhamisi, 12 Juni

Maandalizi. Baiskeli sina, nimeazima ya Kadenge anayetuuzia maji. Nyeusi, nzito, karia ya nyuma imeunganishwa kwa vyuma vya kubebea mitungi. Tairi zake nene kama mkono wangu. Kadenge aliniuliza nakwenda nayo wapi. Nilipomwambia Taita alicheka, akadhani namtania, akanipa.

Dancun akapita kwangu jioni kunionyesha yake. Inang'aa. Ukiinyanyua kwa kidole inanyanyuka. Naye amevaa kaptura iliyombana mpaka nikaona haya kwa niaba ya mama yake. Dancun ni mtu wa ofisini, kiwanda kimoja kule Changamwe, na yumo kwenye klabu ya baiskeli. Kila neno lake linaanza na kwenye klabu yetu. Kwenye klabu yetu tunakunywa maji hivi. Kwenye klabu yetu tunapumua hivi. Akauliza kama hiyo yangu ina gia. Nikamjibu gia ziko miguuni.

Nimefanya mazoezi kwenda Miritini na kurudi. Mteremko niliupenda. Kwenye mwinuko nilishuka nikaisukuma. Watu waliponisalimu niliinama nikajifanya nakagua tairi. Nimekagua tairi sana leo.

Pigo la kwanza. Nilikuwa nimemwahidi Mwalimu mpishi. Nilimpata mmoja wa harusini, mzuri, lakini leo aliposikia neno tembo amejitoa kwa ujumbe mfupi wa simu. Ikabidi nimwombe Agneta. Alinitazama toka utosini hadi unyayoni. Akasema atakuja. Akasema haji kwa ajili yangu, anakuja ili nikipotea nyikani awe ameona mwenyewe, asije akahadithiwa na watu. Kwa Agneta hiyo ni ndiyo. Ameazima baiskeli nyekundu ya jirani, ina kikapu mbele. Ameshaweka sufuria ndani ya kikapu.

Sasa siri yangu. Nimesoma kwamba wakulima wa huko hufukuza tembo kwa pilipili. Wanachovya vitambaa kwenye mafuta na pilipili ya unga, wanavitundika kwenye kamba kuzunguka shamba, tembo akinusa anageuza. Nikajiuliza kwa nini shamba peke yake. Nimechovya fulana zangu mbili kuukuu, nimezikata vipande, nimevifunga kwenye usukani na kwenye karia. Nyumba nzima tunapiga chafya. Agneta amelala na shuka usoni.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa nimekaa nje ya banda la wageni, njiani kwenda Kasigau. Nianze mwanzo.

Kenta, lori dogo tulilokodi, ilitubeba sisi na baiskeli mpaka Maungu. Hapo tukashuka, tukaiacha barabara kuu na malori yake, tukashika ya vumbi. Dancun akatangulia mara moja, mgongo chini, makalio juu. Nikamwambia Mwalimu kwamba kiongozi wa kweli hukaa nyuma kulinda watu. Baada ya muda kidogo hata nyuma penyewe nilikuwa naachwa. Mwalimu Kache anaendesha kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi, polepole, kofia kubwa ya ukindu kichwani, na hasimami. Agneta naye anaendesha huku anaimba. Sikujua anajua kuendesha. Akasema kwao Maragoli alikuwa akibebwa kwa baiskeli kwenda posho mill kusaga mahindi, na kurudi yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kaka yake. Elkana kwenye karia. Hilo lilinipa nguvu kwa muda.

Nyika ni kubwa. Nilitaka kuandika zaidi ya hapo lakini ndiyo hivyo, ni kubwa. Mikindani ukitupa jiwe linampata mtu. Hapa ni barabara nyekundu, vichaka pande zote, na mbingu nzima bila nyumba hata moja ya kuizuia. Nilijaribu kusema kitu cha kiongozi, sauti ikatoka ndogo.

Halafu pilipili. Sikufikiri kwamba vitambaa vitakauka. Jua likavikausha, na upepo ukaanza kuvuma kutoka mbele. Unga wote ukanijia machoni. Nikaona moto. Nikapiga kelele kwamba kiongozi anaomba mapumziko. Nikashuka, nikajifuta kwa mkono ule ule niliofungia vitambaa, ikawa mbaya mara mbili. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, sioni, makamasi yanachuruzika, nikimwita Agneta.

Agneta akaniambia ninyamaze. Si kwa ukali. Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikalazimisha jicho moja kufunguka. Kulikuwa na vichuguu mbele yetu, vyekundu, vikubwa, kando ya barabara. Nikashangaa nini cha kunyamazia vichuguu. Kisha kimoja kikatikisa masikio.

Tembo. Wekundu kwa vumbi la huko, wekundu kama matofali. Walikuwa wengi, mama na watoto, wakivuka barabara mmoja mmoja. Mwalimu alishanong'ona tushuke, tusimame, tusisogee. Dancun alikuwa amerudi kwetu upesi kuliko alivyotangulia. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kengele ya baiskeli, sijui kwa nini, mazoea ya mjini tu, unamwona mtu barabarani unampigia kengele. Agneta akaushika mkono huo akaubana.

Walipita bila sauti. Hilo ndilo lililonimaliza. Wanyama wakubwa kuliko kenta iliyotuleta, na kilichosikika ni Dancun akipumua. Kulikuwa na mtoto, alikuwa akitembea chini ya tumbo la mama yake kama mtu aliyejikinga mvua. Wa mwisho, jike kubwa, alisimama. Akageuka kutukabili. Akanyoosha mkonga kwenye upepo, upande wangu. Tulitazamana, yeye kwa macho mawili na mimi kwa moja. Nikasahau Elkana, nikasahau Agosti, nikasahau hata kuogopa. Kisha akatikisa kichwa akaondoka, na vichaka vikafunga nyuma yake kana kwamba hakuna aliyepita. Labda ni pilipili. Nitasema ni pilipili.

Mwalimu akaniona machozi yamenitiririka mpaka kidevuni. Akanishika bega. Akasema amefundisha maisha yake yote na hajaona mtu anayependa kazi yake namna hii. Sikumwambia ni pilipili. Baadaye nilinawa vizuri, kwa maji mengi na sabuni, macho yakapoa. Machozi yaliendelea kutoka kidogo, na hayo siyajui yalikuwa ya nini.

Vitambaa nimevitupa kwenye shimo. Agneta amenikanda uso kwa kitambaa cha maji baridi na hajanicheka. Nimeogopa zaidi kuliko kama angenicheka.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya haki! Miiba ya migunga imejaa njia nzima, mirefu kama sindano za daktari wa mifugo, na baiskeli ya Dancun ikapata pancha. Akaziba. Ikapata nyingine. Akaziba. Ya tatu hakuziba, gundi ilimwishia, na kwenye klabu yao huwa kuna gari linalowafuata nyuma. Tairi za Kadenge hata hazikujua kama kuna miiba. Nikasimama kando yake nikamuuliza kwa upole gia zinasemaje.

Basi ikabidi baiskeli inayong'aa ifungwe kwenye karia yangu, na Dancun atembee. Akachoka kutembea, tukamfunga na yeye. Namaanisha alikaa. Nimembeba Dancun na baiskeli yake kama mitungi ya maji, kwenye tambarare, umbali wa haja. Kwenye mwinuko wa kwanza tulianguka wote. Lakini umbali ule niliombeba hakuna atakayeufuta.

Tukakaribia kijiji cha chini ya mlima. Wingu lilikuwa limeshuka tangu alfajiri, jeupe, zito, limekaa juu ya miti. Kwenye njia panda alikuwa amesimama mwanamke kijana, viatu vya kazi, fimbo mkononi. Jina lake Mghoi. Yeye na wenzake wa kijijini ndio wanaopandisha watu mlimani, wala huruhusiwi kupanda bila mmoja wao. Hilo sikulijua. Aliyempigia simu kumwagiza ni Agneta, juzi, na hilo pia sikulijua. Nikawaambia watu kwamba nilipanga iwe hivyo ili wenyeji nao wapate riziki.

Mghoi akamwamkia Mwalimu shikamoo, akatusalimu sisi sote, akauliza kiongozi wa msafara ni nani. Nikasogea mbele. Hapa nikaona ndipo pa kuonyesha. Mbele yetu kulikuwa na kilima, kina mawe na mbuzi. Nikanyoosha mkono nikasema, wapendwa, ndio huo, Kasigau, na msiuone mdogo, ni umbali tu. Mwalimu akavua kofia kwa heshima. Dancun akapiga picha.

Mghoi akanisogelea, kama mtu asiyependa kumwaibisha mgeni. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo ni pa kulishia mbuzi.

Agneta aliniambia, Baba Valarie, geuka.

Nikageuka. Wingu lilikuwa linapanda. Lilianza kuachana na miti, na nyuma yake kukawa na jiwe. Likapanda, jiwe likaendelea. Nikawa nasubiri mwisho wa jiwe nione mbingu, na mbingu haikuja. Ukuta wa mwamba, wa kijivu na mweusi, una mistari ya maji, unakwenda juu tu, na juu ya ukuta msitu, na juu ya msitu wingu lingine. Mlima wote ulikuwa nyuma yangu muda wote huo. Niliupa mgongo. Niligundua sasa kwamba ndio uliokuwa ukinipa kivuli.

Mwalimu alikuwa amekishika kifua. Dancun alishusha simu, hakupiga picha. Shingo iliniuma kwa kutazama juu, na nikajiona mdogo mpaka nikapata raha fulani, kama mtu aliyetua mzigo. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Kisha nikakumbuka kazi yangu, nikasimama nikajipangusa. Nikasema, naam, huu ndio niliokuwa nikiusema.

Jumapili, 15 Juni

Nimepanda Kasigau. Naandika kwa shida, hata vidole vinauma, na vidole sikuvitumia.

Mwalimu alituongoza kwa sala kwanza, sala fupi, kama walimu wanavyojua kufupisha. Kisha Mghoi akatutembeza kidogo uwanjani, akatutazama miguu na jinsi tunavyohema. Halafu akatupanga. Mimi mbele. Nyuma yangu Mwalimu Kache, kisha Dancun, na mwisho kabisa Agneta na kapu la chakula. Mghoi mwenyewe kando yangu, akinionyesha njia kwa fimbo.

Mimi mbele! Sikuomba. Nilimtupia Dancun jicho, akaangalia chini. Mtu wa kijiji kile, aliyezaliwa chini ya mlima ule, kwa kututazama tu ameona nani ana damu ya uongozi. Na hapo jana tu nilikuwa nimemwonyesha malisho ya mbuzi.

Kupanda nitakueleza, shajara, kwa ufupi. Ni kuinua mguu, kisha ule mwingine, na huku roho inataka kutoka. Nilipumzika mara nyingi. Kila niliposimama wote walisimama, kwa nidhamu. Kwenye jiwe moja nilijilaza kifudifudi nikawaambia nasikiliza ardhi. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu alisema anashukuru, goti lake halimsumbui kabisa kwa mwendo huu.

Kwenye jiwe hilo Agneta akaja akanipa chungwa. Akaniambia, kwa kunionea huruma nadhani, kwamba ameongea na Mghoi huko chini. Kule kwao anayechoka mapema ndiye anayewekwa mbele. Wote wanafuata mwendo wake, ili wingu likishuka asiwepo aliyeachwa nyuma. Ndiyo desturi yao ya kazi, na hawajawahi kupoteza mtu. Nikamshukuru kwa chungwa. Agneta ni Mmaragoli. Mambo ya Wataita hawezi kuyajua kwa siku moja.

Kuna mahali njia inapita ukingoni mwa mwamba. Kushoto jiwe, kulia hakuna kitu. Kwenye klabu yao hawana kitu kama hicho, maana Dancun aligoma. Alikaa chini, rangi imemtoka, akasema yeye atatungoja hapo hapo, hata siku mbili. Nilikuwa na maneno matamu sana ya kumwambia. Sikuyasema. Nikamwambia ashike mkanda wangu na atazame mgongo wangu peke yake. Tukavuka hivyo. Alidhani namwongoza. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nimeshika fimbo ya Mghoi.

Kisha tukaingia kwenye wingu lenyewe. Sijui niliandikeje. Chini tuliacha jua la kukaanga mayai, na hapa nilitamani sweta. Miti mikubwa imevaa majani ya kijani mpaka kwenye magome, laini, yamelowa, ukigusa maji yanatoka. Mvua hainyeshi lakini kuna matone yanadondoka kila mahali. Mghoi akasema ni miti inayokamua wingu, na maji hayo ndiyo yanayoshuka kwenye mabomba ya kijiji, tuliyoogea jana. Nikafikiri juu ya mitungi ya Kadenge na foleni za Mikindani. Nikanyoosha ulimi nikapokea tone moja. Nilitaka kusema kitu, nikaona pale si pa kusemea, kama kanisani kabla watu hawajaingia.

Kileleni tulikuta wingu tu. Nyeupe kila upande. Tukakaa. Agneta akagawa viazi vitamu na omena ya kukaanga. Mwalimu akasema hata tusipoona kitu yeye ameridhika.

Ndipo upepo ukafungua. Kwanza upande mmoja kidogo kama pazia, kisha wote. Tsavo nzima ikawa chini yetu. Barabara yetu ya siku mbili ilikuwa uzi mwekundu. Vivuli vya mawingu vilikuwa vinatembea juu ya nyika, na nikajua chini ya mojawapo wapo wale tembo, yupo yule aliyeninusa. Na mbali sana, upande jua linakozama, juu ya ukungu, kulikuwa na kitu cheupe kimekaa hewani bila kushikwa na chochote.

Mwalimu akaniuliza ni nini kile.

Nikasema sijui.

Ni mara ya kwanza kusema hivyo tangu safari ianze, na haitatokea tena. Maneno yaliniishia, ndiyo sababu. Mghoi akasema ni Kilimanjaro. Mwalimu alilia, bila pilipili. Dancun aliniwekea mkono begani na nikauacha hapo.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Agneta. Alikuwa amesimama kwenye jiwe la mwisho, leso imelegea, anacheka. Si kumcheka mtu. Anacheka tu, peke yake, na upepo. Sijamwona akicheka tangu kazi yangu iishe. Nilidhani ni umri. Nimeishi na mtu huyu chumba kimoja Mikindani, nikimletea sungura na uyoga, na kumbe alichokuwa akihitaji ni kupandishwa mahali. Nilimpenda mpaka nikaumwa na tumbo. Inawezekana pia ni viazi.

Jumatatu, 16 Juni

Tumerudi. Mwalimu Kache ametoa uamuzi ndani ya kenta, kabla hata hatujafika Mariakani.

Ameridhika kupita kiasi. Agosti wanakuja wote thelathini. Nikafunga macho nikamwona Elkana akiikunja ile sare. Kisha Mwalimu akaendelea. Maandalizi yote anamkabidhi Agneta, ashirikiane na Mghoi, kwa kuwa ameona jinsi alivyopiga simu, alivyopika, alivyojua nani amekunywa maji na nani hajanywa. Agneta akashika mdomo. Akaniangalia. Akauliza kama nitaumia.

Niliumia. Nilisema siumii, ila ikabidi niangalie nje. Dancun, nimpe haki yake, alikohoa akasema bila Bramwel, yaani mimi, yeye angekuwa bado amekaa ukingoni mwa mwamba. Mwalimu akasema hata yeye hajamaliza. Wamo walimu kumi na zaidi wenye magoti mabovu na presha, wanaoona haya kuwachelewesha wenzao. Wakiniona mimi mbele hawataona haya. Akaniomba sana nije.

Nimekubali. Thelathini hawawezi kwenda bila mimi, amesema mwenyewe. Ila kwa Agneta makubaliano ni makubaliano. Kazi sikupewa mimi, amepewa yeye. Nimemwambia ni nyumba moja. Amesema ni nyumba moja yenye watu wawili, na mmoja anaanza kazi wiki ijayo. Alisema akitabasamu, na tabasamu lile la kileleni lilikuwa bado lipo, basi sikuweza kubishana nalo.

Jumatatu, 23 Juni

Changamwe, getini. Sare ya Elkana inaweza kunitosha mimi na Dancun pamoja. Kazi ni kufungua geti, kufunga geti, na kuandika namba za malori. Elkana alipita akanikagua, akaniambia nisimame wima. Nikasimama. Mtu aliyetazamana na tembo hatishwi na shemeji.

Mimi si bawabu. Ni kiongozi wa milima aliyekaa getini kwa muda, na nimehakikisha madereva wote wanalielewa hilo. Wakingoja kupakua huja kivulini kwangu nawasimulia. Tembo sasa wamefikia mia mbili. Niliwafukuza kwa mbinu yangu mwenyewe ya pilipili. Mlimani wenyeji waliniweka mbele kwa heshima, na Dancun nilimbeba mgongoni.

Kabla ya chakula cha mchana alikuja dereva mmoja, mtu wa dini, amenisikiliza mpaka mwisho na macho yamemtoka. Akasema kanisa lao Jomvu lina vijana wanaotaka kupanda mlima mkubwa, wenye theluji, lakini hawajui wamwone nani. Akaniuliza kama Mlima Kenya nao naujua.

Sijafika hata Nyeri. Lakini nilipolisikia jina lenyewe tu, mlima, nikaliona lile wingu linaachana na miti na jiwe linaendelea kupanda, na moyo ukanienda mbio hapo getini. Nikamwambia Mlima Kenya ni kama nyumbani kwangu.

Tumepanga Desemba, vijana arobaini, na baiskeli. Mpishi ni Agneta. Bado sijamwambia.